Kutumwa na Kurudi: Somo juu ya Wanafunzi wa Kubadilishana

Masomo ya kusoma kwanza: Danieli 1:1–21, Kumbukumbu la Torati 10:17–19



Si ajabu siku hizi kusikia katika matangazo ya ibada kwamba mtoto wa fulani amepata nafasi ya kusoma Ulaya kwa muhula mmoja au miwili, na kwamba parishi inaombwa kumsaidia. Wako wanaoshangilia mara moja. Wako pia wanaonong'ona kwamba mtoto huyo ndiyo basi, hatumwoni tena. Kabla ya kushangilia au kunong'ona, yafaa tujue jambo lenyewe ni nini.

1. Maana ya kubadilishana

Mtu aendaye ng'ambo kuchukua shahada nzima huwa mwanafunzi wa chuo cha huko. Mwanafunzi wa kubadilishana sivyo alivyo. Yeye hubaki mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, na shahada yake ataipokea nyumbani. Chuo chake humtuma kwa chuo rafiki kwa muda uliowekwa, na chuo rafiki nacho chaweza kutuma wa kwake. Basi neno hili lina mambo mawili ndani yake: kutumwa na kurudi. Ukiondoa mojawapo, si kubadilishana tena.

2. Jinsi mpango unavyofanya kazi

Mpango unaojulikana kuliko yote ni ule uitwao Erasmus. Ulianzishwa mwaka 1987 kati ya nchi 11 za Ulaya, na mwaka huo wa kwanza walisafiri wanafunzi wapatao 3,200 tu. Tangu hapo watu zaidi ya milioni 10 wamepitia humo. Tangu mwaka 2015 mlango ulifunguliwa kwa vyuo vya nje ya Ulaya pia, na vyuo vya Afrika vimo.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, vyuo viwili hupatana kwa maandishi. Pili, mwanafunzi huomba kwa njia ya chuo chake mwenyewe. Tatu, kabla ya safari huandikwa mapatano ya masomo yenye sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kimtumacho na ya chuo kimpokeacho. Humo yameorodheshwa masomo atakayosoma, na chuo cha nyumbani huahidi kuyahesabu akirudi, ili asirudie mwaka. Chuo kimpokeacho hakimtozi ada ya masomo, naye hupewa posho ya kujikimu na msaada wa nauli. Muda wake ni miezi 2 hadi 12.

Wazazi, shikeni neno hili. Mtu akija kwenu akidai fedha ili "amwingize" mtoto katika mpango huo, mjue kwamba nafasi hiyo hainunuliwi. Nendeni ofisi ya chuo mkaulize: Je, mapatano yapo? Sahihi zote tatu zipo? Ziko pia nafasi za shahada ya pili ambazo mtu huomba moja kwa moja huko Ulaya. Lakini hizo ni jambo jingine, zisichanganywe na hili.

3. Mtu anayekumbukwa kwa jina hilo

Erasmus alikuwa padre wa Rotterdam, Uholanzi, aliyezaliwa karibu na mwaka 1466. Alisoma Paris. Mwaka 1499 alikwenda Uingereza, na huko Oxford akakutana na John Colet, aliyekuwa akifundisha Nyaraka za Paulo. Baada ya safari ile alijitia kwa bidii katika kujifunza Kiyunani. Alipokuwa akiondoka, mwaka 1500, maofisa wa forodha bandarini Dover walimnyang'anya karibu fedha zake zote, kwa kuwa sheria ilikataza kuzitoa nchini. Msomi mkubwa, lakini sheria ya fedha ilimshinda! Basi na kijana wetu asome sheria za nchi aiendeayo kabla hajafunga mizigo: viza, bima ya matibabu, na kama anaruhusiwa kufanya kazi.

Baadaye Erasmus alifundisha Kiyunani Cambridge, na mwaka 1516 akatoa Agano Jipya la Kiyunani lililochapwa Basel. Kazi hiyo ilimsaidia William Tyndale kulitafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, lililochapwa mwaka 1526. Tena mwaka 1547 iliamriwa kwamba maelezo ya Erasmus juu ya Injili yawekwe katika kila kanisa la parishi Uingereza. Mafunzo ya mgeni yalifika mpaka kwenye viti vya watu wa vijijini. Hiyo ndiyo elimu iliyorudi.

4. Danieli anatufundisha nini

Danieli hakwenda kwa hiari, alikuwa mateka. Hata hivyo tunaweza kujifunza kwake. Hakukataa elimu ya Wakaldayo: alisoma lugha yao na maandiko yao miaka mitatu, akawashinda wengine. Aliweka mpaka mahali pamoja, kwenye chakula cha mfalme. Na angalia alivyouweka: hakutukana wala hakugoma. Aliomba kwa adabu, akapendekeza ajaribiwe siku kumi.

Kijana wetu naye atakutana na mambo mageni. Katika vyuo vingi vya huko mwanafunzi hutakiwa kumwuliza mhadhiri maswali, hata kumpinga kwa hoja. Huo si utovu wa adabu. Ndivyo wanavyofundishana, na akae asome. Lakini ajue mapema mpaka wake uko wapi, kwa maana mpaka usiowekwa nyumbani ni vigumu kuuweka ugenini. Ajue pia kwamba hatakuwa yatima wa kanisa: Kanisa la Uingereza lina dayosisi nzima kwa ajili ya Ulaya bara, na Waanglikana huabudu katika miji kama Paris, Brussels, Vienna na Helsinki. Achukue barua ya padre wake.

5. Wajibu wetu

Tukimchangia, tumtume kama chuo kinavyomtuma: tumwombee, tumwandikie, na akirudi tumpe nafasi ya kutueleza na kutumika. Mara nyingi tunamwaga kwa shangwe, kisha akirudi hatumwulizi neno. Elimu yake itarudije, kama hakuna aliyeandaa mahali pa kuipokea?

Tena, kubadilishana kuna pande mbili. Wako vijana wa kigeni wanaokuja kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hupokea wanaojifunza Kiswahili. Torati inatuagiza kumpenda mgeni. Tusimtake mwenyeji wa Ulaya amfanyie mtoto wetu lile ambalo sisi hatumfanyii mtoto wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Danieli alikubali nini, na alikataa nini? Kwa nini?
2. Ni mpaka gani ungependa mwanao auweke kabla ya kusafiri?
3. Aliyerudi majuzi katika parishi yetu tumempa kazi gani?
4. Ni mgeni gani aliye karibu nasi ambaye hajakaribishwa nyumbani?

Sala

Ee Mungu, uliyekuwa pamoja na Danieli katika nchi ya ugeni, uwalinde watoto wetu waendao mbali kusoma. Uwape akili ya kujifunza na moyo wa kukukumbuka. Uwarudishe salama, na sisi utufanye tayari kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.