Nani Asimamie Mtihani Wangu wa Elimu ya Wadudu?

SWALI: Nafanya kazi ya kudhibiti wadudu waharibifu hapa Kigali, na najiandaa kwa mtihani wa cheti cha Chama cha Entomolojia cha Marekani (ESA). Natakiwa kupendekeza msimamizi. Bosi wangu amekubali. Je, anafaa?
Msomaji, Busanza

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa hatua hiyo. Nakushauri umwache bosi wako. Cheti chako kikiiletea kampuni wateja, naye ananufaika. Ndugu, mwenzi wako na mtu unayemsimamia kazini waache pia.

Tafuta mtu asiyepata wala kupoteza chochote kwa matokeo yako: mkutubi, mwalimu au ofisa wa mitihani wa chuo. Unaweza kuanza kwa kuuliza Maktaba ya Umma ya Kigali, kule Kacyiru. Si lazima ajue lolote kuhusu mchwa au mende. Kazi yake ni kuhakiki kitambulisho chako, kuangalia muda na kukaa nawe mwanzo hadi mwisho.

Jina lake likubaliwe na chama kabla hujapanga tarehe. Kagueni intaneti na umeme wa chumba mapema. Kumbukeni pia kwamba Kigali imeitangulia Maryland, makao ya chama, kwa saa 6 au 7. Mkikwama saa 4 asubuhi, huko bado wamelala. Heri kuanza saa 10 alasiri.

Cheti hiki kinamhakikishia mteja kwamba unaijua dawa unayopuliza nyumbani kwake. Msimamizi huru ndiye anayekipa uzito huo.