Baba, papa au dada? Mbinu za kumfundisha mtoto mwenye disleksia

Madarasa ya Turbo, kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba, huwakutanisha watoto wa Kinandi, Kibukusu, Kikuyu na wengineo. Mwalimu, mtoto wa Gredi ya 2 akikosea kuandika "baba", tazama kwanza amekosea vipi.

Akiandika "papa", huenda ni athari ya lugha ya nyumbani, kwani Kikalenjin, kikiwemo Kinandi, hakitofautishi b na p kama Kiswahili. Huyo mpe mazoezi ya kusikiliza na kutamka. Akiandika "dada" ilhali anatamka "baba" sawasawa, herufi ndiyo iliyomgeukia. Wadogo wengi hugeuza herufi, kisha huacha. Lakini ikiwa kosa linadumu, anasoma kwa kukokota silabi, na maswali ya mdomo anayajibu vizuri, shuku disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Si uvivu, wala hana upungufu wa akili.

Samuel Orton na Anna Gillingham wa Marekani walitetea mbinu ya kuyashirikisha macho, masikio na mkono kwa pamoja. Vifaa vyake vinapatikana Turbo bila gharama.

1. Fundisha herufi moja kwanza. Usilete b na d wiki moja. Subiri b izoeleke.

2. Iandike kubwa ubaoni. Watoto waitamke wakigusa midomo: kwa b midomo hufungana, kwa d hubaki wazi. Tamkeni sauti, si jina la herufi.

3. Tandaza udongo mkavu kwenye sinia. Mtoto achore b kwa kidole huku akitoa sauti: kwanza mstari wa wima, ndipo tumbo upande wa kulia. Zamu ya d ikifika, aanze na tumbo. Hata macho yakichanganya, mkono utakumbuka ulikoanzia.

4. Apange punje za mahindi juu ya umbo hilo, kisha afumbe macho na kulipapasa.

5. Kata maboksi upate kadi za ba, be, bi, bo, bu. Aunganishe "babu" na "bibi", akipiga kofi kwa kila silabi.

Darasa zima lifanye mazoezi haya, ili mwenye shida asinyooshewe kidole. Dakika 10 kila siku zinatosha kuanzia. Usimwinue ghafla asome mbele ya wenzake. Mpe kifungu mapema ajiandae. Kwenye Kiingereza mvumilie zaidi, maana tahajia yake haifuati matamshi kama ya Kiswahili.

Muhula ukiisha bila nafuu, mwite mzazi. Mtoto apimwe macho na masikio, kisha apelekwe kwenye kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984. Mfungashie kurasa mbili za daftari lake, wa mwanzo wa muhula na wa mwisho, ukiwa umeandika tarehe na mbinu ulizojaribu. Mtathmini ataanzia hapo.