Mstari mwekundu kwenye kijiti

Swali: Daktari, kwenye kituo cha afya walichovya kijiti kwenye choo cha mtoto aliyekuwa akiharisha, mistari miwili myekundu ikatokea. Ile ni damu? (Msomaji, Salamabila, Kabambare)

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kwa kawaida ni dhahabu, kama ile inayochimbwa hapo kwenu Namoya. Tofauti ni udogo: vipunje vya nanomita makumi machache tu, na milimita moja ina nanomita milioni. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haing'ai manjano tena, huwa nyekundu kama divai. Kila kipunje kimevikwa kingamwili inayonasa bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Vikimnasa, hukwama pamoja naye kwenye mstari mmoja. Mstari wa pili huonyesha tu kwamba kijiti ni kizima.

 

Lakini nakusihi: mtoto akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, usingoje kijiti. Mnyweshe SRO, yaani maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, njiani mkienda kituoni.