Vivumishi vya -fu na -vu: Mabaki ya Sauti Iliyopotea

Katika soko la Bungu, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti, mnunuzi wa maembe husikia maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti na kupingana kabisa kwa maana: embe bivu na embe bovu. La kwanza hununuliwa, la pili hutupwa. Mwanafunzi wa sekondari ataeleza bila shida kwamba -bivu linahusiana na kitenzi iva, na -bovu na kitenzi oza. Lakini akiulizwa z ya oza imegeukaje kuwa v, mara nyingi hukosa jibu, na vitabu vingi vya sarufi havimsaidii.

Kiswahili kina vivumishi vya asili vichache. Kundi moja kubwa miongoni mwavyo ni lile linaloishia na -fu au -vu: -tulivu, -nyofu, -legevu, -kavu, -refu, -tukufu, -angavu, -changamfu. Baadhi ya maneno ya kundi hili husikika kila siku. Mengine, kama -elekevu (mwepesi wa kufahamu), -zoevu na -tepetevu, yamo kamusini lakini hayasikiki sana katika mazungumzo ya vijana. Mengine yamesalia ndani ya majina tu. Wengi hutamka wokovu bila kufikiri kwamba ndani yake mna okoa.

Msingi wa kundi hili ni kitenzi kilichoongezwa tamati ya irabu moja, u. Irabu hiyo haikuwa u ya leo. Lugha mama ya lugha za Kibantu ilikuwa na irabu saba, si tano. Juu ya i na u za kawaida zilikuwapo i na u nyingine, ambazo ulimi uliziinulia karibu kabisa na kaakaa. Mtaalamu Mjerumani Carl Meinhof alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu sauti za lugha za Kibantu, na akaziita irabu nzito.

Irabu nzito ilikuwa na athari ya kifizikia. Njia ya hewa ikiwa nyembamba mno, hewa inayoachiliwa na konsonanti iliyotangulia haipiti kimya, bali hukwaruza. Mbele ya u nzito, midomo ikiwa imekaribiana, mkwaruzo husikika mdomoni: k ikawa f, na l ikawa v. Mbele ya i nzito mkwaruzo ulisikika kwenye meno na kaakaa. Ndiyo sababu mwenye kupika ni mpishi, na mwenye kufuata ni mfuasi. Baadaye irabu nzito ziliungana na zile za kawaida, Kiswahili kikabaki na irabu tano. Kisababishi kilitoweka, matokeo yakabaki.

Sasa mifano inafunguka. Nyoka ikatoa -nyofu, kunjuka ikatoa -kunjufu, changamka ikatoa -changamfu, ongoka ikatoa -ongofu. Tukuka, kitenzi ambacho leo ni adimu ingawa tukuza kingali hai, kikatoa -tukufu. Kwa upande wa l, vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili vilikuwa zamani na l katikati yake. L hiyo hujitokeza tena kitenzi kinaponyambuliwa: zaa huwa zaliwa, potea huwa potelea, pokea huwa pokelewa. Kwa hiyo potea ina -potevu, legea ina -legevu, na sikia ina -sikivu.

Oza nayo inaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Wazulu husema bola kwa maana ya kuoza, na wasemao Kichewa husema ola. Kiswahili kilipoteza kitenzi hicho cha msingi kikabaki na oza, ambayo z yake ni l iliyokwaruzwa na i nzito. Kivumishi kilitokana na shina lile lile kwa u nzito: l ikawa v. Hata -ovu na -bovu ni neno moja lililogawanyika. B ya zamani ilidondoka katika mtu mwovu, lakini ililindwa na m katika ndizi mbovu, na kutoka hapo ikaenea. Lugha ikapata faida ya bure: neno moja kwa uozo wa tabia, jingine kwa uozo wa tunda.

Kanuni hizi hazikosi vighairi. Choka, kwa mfano, ingetarajiwa kutoa f, lakini neno ni -chovu. Mwalimu asivifiche vighairi vya namna hii, kwani darasa likivigundua lenyewe litaitilia shaka kanuni yote.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yanatoa ushahidi wa aina nyingine. Tii imezaa -tiifu, amini imezaa -aminifu, haribu imezaa -haribifu, stahimili imezaa -stahimilivu. Maana yake ni kwamba tamati hii ilikuwa bado inafanya kazi wakati maneno hayo yalipokwisha kuwa mali ya Kiswahili. Hata hivyo upo mtego. Dhaifu na nadhifu hazina tamati hii, kwa kuwa f zake ni sehemu ya mashina ya Kiarabu. Kipimo ni kiambishi cha ngeli: husemwa watu watulivu, lakini watu dhaifu.

Swali la maana kwa mwalimu wa sayansi ni hili: kivumishi cha -fu kinasema nini ambacho kitenzi hakisemi? Leo wengi hupendelea kirejeshi, kama vile aliyetulia au iliyolegea, na huonekana kana kwamba hakuna kinachopotea. Kinapotea. Katika mikono ya delta ya Rufiji, maji yaliyotulia ni maji ambayo mwendo wake umekoma kwa sasa; bamvua likianza kuingia yatakwenda tena. Maji matulivu ni yale ambayo utulivu ni hali yake, kama ya mkono uliokingwa na mikoko. Kirejeshi hutaja tukio, kivumishi hutaja sifa. Mgonjwa aliyetulia na mgonjwa mtulivu si lazima wawe mtu mmoja, na muuguzi anayepokea zamu anahitaji kujua ni yupi anayeachiwa.

Tofauti hii ya tukio na sifa ni uti wa mgongo wa fizikia. Mpira ulionyumbuka ni mpira uliokwisha vutwa. Mpira mnyumbufu ni ule wenye uwezo wa kuvutika, hata kama umelala kabatini bila kuguswa. Kwa hiyo waundaji wa istilahi walipohitaji jina la sifa hiyo waliiendea tamati ya kale, wakapata unyumbufu. Kutokana na nuru, neno la asili ya Kiarabu, likaundwa nururifu kwa elementi zinazotoa mnururisho zenyewe, na unururifu kwa sifa hiyo. Tamati iliyoonekana kuchakaa sokoni ikapata kazi maabara. Mwanafunzi anayejua muundo wake hana haja ya kulikariri neno unyumbufu. Anaweza kulifumua hadi kufikia nyumbuka.

Shule za Bungu na Kibiti zina nafasi ambayo shule nyingi hazina. Kimatumbi, kinachosemwa kusini mwa bonde la Rufiji, kimehifadhi irabu saba, kama alivyoonyesha David Odden katika kitabu chake cha mwaka 1996. Kindengereko, lugha ya wazee wengi wa Bungu, kilielezwa na Eva-Marie Ström katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013, na kinaendelea kuipisha Kiswahili. Kile kinachosimuliwa na vitabu kama historia kinaweza kutafutwa katika baraza za nyumba za jirani, maadamu wazee wapo.

Zoezi lifuatalo linafaa kwa vipindi viwili. Kila mwanafunzi aandike vivumishi kumi vya -fu na -vu, atafute kitenzi cha kila kimoja, na aweke kando vile ambavyo kitenzi chake hakipatikani, kama -refu na -vivu. Kisha amwulize mzee asemaye Kindengereko au Kimatumbi namna ya kusema kuoza, kukauka na kuwa refu, na ayaandike majibu kama alivyoyasikia, bila kuyasahihisha yafanane na Kiswahili. Darasani, orodha zilinganishwe kwa kutazama mahali palipo na f au v katika Kiswahili: je, mzee ametamka nini hapo?