«Na», «Au» na «Wala» katika Kumpima Mtoto Mwenye Homa

Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingojea wapagazi. Zama zile homa pekee ilitosha kumfanya msafiri ameze kwinini. Vimelea vya malaria vilikuwa havijajulikana. Laveran aliviona mwaka 1880. Leo mhudumu wa zahanati hupima masharti kadhaa yaliyoungwa pamoja, na anayezijua dalili zote aweza bado kukosea kwenye kiunganishi.

Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa sharti la «na»: homa ipo na kipimo kimeonyesha vimelea. Sehemu moja ikikosekana, sharti lote huanguka. Hata hivyo, homa isiyo na vimelea ingali homa, na chanzo chake hakina budi kutafutwa.

Dalili za hatari kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 huungwa kwa «au»: hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea mno ama amepoteza fahamu. Moja yatosha. Mtoto huyo hupewa rufaa ya haraka hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Tuchukulie mama amefika na mtoto aliyepata degedege usiku, ila hatapiki. Foleni ni ndefu, na mhudumu anauliza kwa pumzi moja: «Mama, mtoto anatapika kila kitu na amepata degedege?» Mama anajibu: «Hapana, nesi.» Hakusema uongo. Ameulizwa kama mambo mawili yamekutana, nayo hayakukutana. Lakini kwenye kadi panaandikwa «hapana» mara mbili, na mtoto mwenye dalili ya hatari anarudishwa nyumbani. Kuweka «au» katika swali hilo hakusaidii sana, kwa kuwa msikilizaji hudhani anatakiwa kuchagua moja. Dawa yake ni kuuliza kila dalili peke yake na kungojea jibu.

Ukanusho nao una kanuni yake. Anayetaka kuandika kwamba mtoto hana dalili ya hatari lazima azikanushe zote, na lugha yetu imetupa neno linalofaa kabisa: hatapiki kila kitu, wala hakupata degedege, wala hakulegea, wala hakushindwa kunyonya. Kila «wala» idai jibu lililosikika kweli. Jibu moja lisiposikika, sentensi haijakamilika.

Mpangilio pia hubadili maana. Sharti la nimonia ni hili: mtoto ana kikohozi au anapumua kwa shida, pamoja na hayo, anapumua haraka au kifua chake kinabonyea kwa ndani. Asomaye bila kutua hapo katikati atadhani kikohozi pekee chatosha, naye atagawa antibiotiki kwa kila mwenye mafua. Kupumua haraka ni mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi miaka 5, zikihesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia.

Mzazi naye asingoje kuulizwa. Degedege la usiku lisemwe kwanza, hata kama asubuhi mtoto anacheza.