Bakapu ya ruta ya duka: usiiache humo humo ndani ya ruta

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo. Naongelea kile kiboksi cha intaneti kilichokaa juu ya kabati dukani kwako.

Mimi nauza kava na chaja mtandaoni, na pembeni nauza vocha za WiFi kwa majirani. Kiboksi changu ni MikroTik, nilijifunza kukipanga mwenyewe usiku kwa kuangalia video. Mwaka jana umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kikaungua. Sikushtuka sana maana bakapu nilikuwa nayo. Fundi akaniuliza, "Iko wapi?" Nikamwonyesha kiboksi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Siku 3 nikawa najibu oda kwa bando la simu. Wateja wa vocha za mwezi wanakuja mlangoni, kila mmoja anasema zake zimebaki siku 20. Orodha sina, nitabishana na nani? Niliwapa wote vocha mpya bure.

Kumbe ukibonyeza Files halafu Backup, faili linabaki humo humo kwenye kiboksi. Lazima ulivute uliweke kwenye kompyuta. Na kwenye baadhi ya modeli, faili lililo nje ya folda ya flash linafutika ukizima na kuwasha tu.

Halafu kuna aina 2. Lile linaloishia na .backup ni la kurudisha kwenye kiboksi kile kile, kwa sababu linabeba mpaka anwani za MAC. Unalichagua, unabonyeza Restore, kiboksi kinajizima na kuwaka kama kilivyokuwa. Ukiliwekea nywila usiisahau, maana bila hiyo halifunguki.

La pili ndilo la kukuokoa kiboksi kikifa. Fungua Terminal uandike:

/export show-sensitive file=duka

Linatoka faili la maandishi, duka.rsc, unaweza kulisoma kwa Notepad. Hayo maneno show-sensitive ni ya toleo la 7. Ukiyaacha, nywila ya WiFi na ya PPPoE hazitoki. Ila kwa sababu nywila zinasomeka waziwazi, usilirushe kwenye grupu la WhatsApp! Na jua kwamba nywila ya kuingilia kwenye kiboksi chenyewe haimo, wala data za User Manager. Hizo zina bakapu yake ya pembeni.

Ukinunua modeli nyingine, usilimwage faili lote kwa mkupuo. Majina ya milango na ya WiFi yanaweza kutofautiana, amri zikagoma katikati. Mimi nabandika kipande kimoja kimoja.

Wewe mwenye ruta ya kawaida ya nyumbani, ingia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, tafuta Backup & Restore, pakua faili. Kisha andika kwenye daftari jina na nywila ya PPPoE ya mtoa huduma wako. Kijana wa dukani akichomeka pini kwenye kitundu cha reset, hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza, na bila hivyo intaneti hairudi mpaka upige simu usubiri. Swichi ya bei rahisi isiyo na ukurasa wa mipangilio haina cha kuhifadhi, unachomeka tu waya. Ile ya kupangiwa ifanyie kama ruta.

Mimi sasa nikibadilisha chochote natoa faili jipya, nalipa jina la tarehe, nakala moja kwenye flashi, nyingine najitumia kwenye barua pepe yangu.

Juzi Jumapili asubuhi, kabla sijafungua duka, nilijaribu kurudisha ili nione. Vocha zikafanya kazi, kamera ikaonekana, printa ya risiti ikagoma. Nikakumbuka anwani yake niliibadilisha baada ya ile bakapu. Nikairekebisha, nikatoa bakapu nyingine palepale.