"Tuwe in unison": neno hili linabeba nini?



Dada mmoja ameniletea swali, na nimemwomba ruhusa nilijibu hapa kwa sababu nina hakika si yeye peke yake mwenye nalo. Kikundi chao cha vijana kilichangishana pesa za safari ya hija. Safari ikaahirishwa, miezi ikapita. Akauliza kwa upole, kwenye kundi lao la simu, pesa zimefikia wapi. Akajibiwa mbele ya wote: "Wapendwa, tuwe in unison, tusimpe shetani nafasi." Zikafuata Amina kama thelathini hivi. Yeye akanyamaza. Sasa anauliza: "Frateri, ni kweli nimevunja umoja?"

Hilo neno la Kiingereza tunalipenda sana siku hizi. Kwenye mikutano ya vijana halikosi, na likitamkwa huwa linamaliza mazungumzo, kana kwamba limetoka moja kwa moja kwenye Injili. Basi tulifungue tuone ndani kuna nini.

Unison limetoka Kilatini: unus ni moja, sonus ni sauti. Wanakwaya mnalijua vizuri kuliko mimi. Mwalimu akisema ubeti huu ni unison, maana yake hakuna sauti ya kwanza wala ya nne, wote mnafuata mstari mmoja wa nota. Ni kitu kizuri. Nyimbo za Kigregoriani zinaimbwa hivyo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulizipa nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Lakini hati hiyohiyo, palepale, haikuzikataa nyimbo za sauti nyingi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatuligundui: kanisa zima likiimba mstari mmoja, wanaume kwa kawaida wako oktava moja chini ya wanawake. Dada akiimba nota yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kaka aliye pembeni yake anatoa 220. Tunaiita sauti moja, na sikio linakubali, ila koo mbili hazijafanana hata kidogo.

Huko falsafa (mnivumilie kidogo, miaka ile mitatu lazima ionekane mahali) kuna hoja ya Aristotle ninayoipenda. Katika kitabu chake cha Siasa, sehemu ya pili, anambishia mwalimu wake Plato, aliyetaka mji uwe kitu kimoja kabisa, hata mali na familia za viongozi ziwe za pamoja. Aristotle anasema ukiubana mji namna hiyo unauharibu, ni kama mtu anayechukua sauti zinazolingana akazifanya zote kuwa sauti moja, au anayechukua mdundo mzima akabakiza pigo moja tu. Anatumia maneno mawili tofauti: simfonia, sauti zinazokubaliana, na homofonia, sauti ileile. La kwanza ndilo analolitetea.

Na sasa Injili. Bwana anaposema kwamba wawili wakikubaliana duniani juu ya jambo lolote wanaloliomba watapewa na Baba (Mt 18:19), kitenzi cha Kigiriki kilichoandikwa pale ni ndugu wa hiyo simfonia. Maana yake ya asili ni kutoa sauti pamoja. Sisi kwa Kiswahili tunasema kupatana, na kwa kweli sijui kama kuna lugha iliyolitafsiri vizuri zaidi. Mnapatana bei sokoni, si ndiyo? Muuzaji anasema elfu kumi, wewe unasema sita, mnavutana, mnacheka, mnaishia nane. Pasipo bei mbili hakuna mapatano, kuna mmoja anapanga na mwingine analipa. Na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:2) unatumia kitenzi hichohicho, tena kuhusu ujira wa siku.

Ila msikimbilie kulitakasa neno. Fungueni Matendo 5:9. Anania na Safira wameuza kiwanja, wameficha sehemu ya pesa, na kila mmoja anatoa maelezo yaleyale. Petro anamuuliza mke imekuwaje wakapatana kumjaribu Roho wa Bwana. Kitenzi ni kile cha Mathayo 18! Mume na mke walikuwa in unison kabisa, hata nukta haikupishana. Na shida yenyewe ilikuwa nini? Hesabu za pesa za jumuiya.

Someni pia Matendo 19. Pale Efeso umati mzima ulipiga kelele kwa sauti moja, kama saa mbili hivi, kumsifu mungu wao Artemi. Luka anaongeza, na nadhani aliandika huku akitabasamu, kwamba wengi wao hawakujua hata wamekusanyika kwa ajili gani. Dada yangu, zile Amina thelathini zinanikumbusha mstari huo.

Mji huohuo wa Efeso ndio Mtakatifu Ignasi wa Antiokia aliouandikia mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa anapelekwa Roma kuuawa. Ignasi si mtu wa kulegeza utii, anataka Wakristo wawe pamoja na askofu wao. Lakini mfano anaoutoa ni wa kinubi: mapadre wameungana na askofu kama nyuzi zilivyofungwa kwenye kinubi, na katika kupatana kwao Yesu Kristo anaimbwa. Aliyewahi kushika gitaa anajua nyuzi zote zikikazwa nota ileile hupati wimbo. Anajua pia kwamba ukiwa unakaza, uzi mmoja ukipishana kidogo na mwenzake utasikia mtikisiko unaoudhi sikio. Mtikisiko ule ndio unaomwambia fundi wapi pa kukaza. Akiziba masikio, gitaa halitengenezeki.

Kwa hiyo hapana, dada, hukuvunja umoja. Uliuliza bei.

Sasa ufanye nini? Rudi Mathayo 18, safari hii anzia mstari wa 15, kwa sababu ahadi ya wawili wanaopatana imekuja baada ya maelekezo ya namna ya kumwendea ndugu aliyekosa. Na wewe hujui bado kama kuna aliyekosa, kwa hiyo nenda taratibu. Mfuate mweka hazina peke yake, ana kwa ana, si kwenye kundi la simu ambako kila mtu anajitetea mbele ya watazamaji. Mwombe mkae na daftari. Huenda pesa zipo zote na alichokosa ni mtu wa kumuuliza kwa adabu. Asipokusikiliza, rudi na mwenzako mmoja au wawili, ikiwezekana kati ya wale waliosema Amina. Ikishindikana, mwone mlezi wa vijana, halafu paroko. Na kabla hujatoka nyumbani soma mpaka mstari wa 22, pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi.